Kwa Nini Simu za Kerege Zinacheza PSP

Sony iliacha kutengeneza PSP mwaka 2014, ikiwa imeuza takribani mashine milioni 80 duniani. Huku Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo ukishaipita Mapinga, kumpata mtu aliyewahi kuimiliki mashine hiyo ni kazi. Kilikuwa kitu cha kuletewa na mjomba aliye Ulaya au Uarabuni. Lakini mtazame dereva wa bodaboda anayesubiri abiria kijiweni, simu kailaza, vidole gumba viwili havitulii. Mpira anaoucheza uliandikwa kwa ajili ya PSP. Mwenzake anayekimbizana na polisi wa Liberty City ya GTA naye yumo ndani ya PSP hiyo hiyo. Mashine ambayo wengi wao hawakuigusa ilipokuwa sokoni imepata wachezaji ikiwa imekwisha kuzikwa.

Programu inayofanya maajabu hayo ni emuleta, yaani programu ya kuigiza mashine nyingine, iitwayo PPSSPP. Ilitoka Novemba 2012, kazi ya Henrik Rydgård wa Sweden, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dolphin, emuleta ya GameCube na Wii za Nintendo. Inapakuliwa bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Lipo pia toleo la kulipia, Gold, na wapo wanaoamini kwamba gemu hukimbia zaidi humo. Hazikimbii zaidi. Anayelinunua anamchangia mtengenezaji, basi.

Swali ni kwa nini PSP, wala si PS1 iliyo nyepesi kuliko hiyo, wala si PS2 ambayo ndiyo vijana wa pwani walikulia nayo kwenye mabanda ya gemu. Jibu la kijiweni ni kwamba simu ndogo haibebi PS2. Ni kweli, ila ni robo ya ukweli.

Kwanza mabanda yenyewe. Kabla ya PlayStation zilikuwepo gemu za TV: mashine za Kichina zilizonakili Famicom, ile Nintendo ya mwaka 1983, pamoja na kaseti za plastiki zilizojigamba kubeba gemu laki kadhaa huku ndani mkiwa na chache zinazojirudia. Zile hazikuwa emuleta. Kilichonakiliwa ni chuma chenyewe. Kisha zikaja PS1 na PS2 zilizochipiwa ili zisome CD na DVD za kuchoma, na gemu ya mpira ya Winning Eleven ikawa ibada ya jioni. Mwenye banda alinunua mashine, TV na umeme wa LUKU. Mchezaji alilipa mechi yake kwa shilingi mia chache na kumpisha mwingine. Gharama kubwa ilikuwa ya mtu mmoja, raha ikawa ya mtaa.

Simujanja imeupindua mpango huo. Hakuna mama wa Kerege anayemnunulia mwanawe simu ili acheze gemu. Simu hununuliwa kwa ajili ya kupiga, kutuma pesa, WhatsApp na masomo, na emuleta hupanda juu yake kama abiria asiyelipa nauli. Mabanda hayakufa, yale yaliyosalia yamehamia PS3 na PS4, na bado yana kitu ambacho simu haina, yaani watazamaji wa kushangilia na kuzomea. Lakini umeme ukikatika, banda hulala na simu huendelea.

Sasa kazi ya emuleta ni ya mkalimani. PSP ilikuwa na prosesa ya familia ya MIPS, kasi yake ya juu kabisa 333 MHz, na RAM ya MB 32 katika toleo la kwanza. Prosesa za simu ni za familia ya ARM na hazielewi hata agizo moja la MIPS. Kwa hiyo kila amri iliyomo kwenye gemu lazima ifasiriwe, mamilioni ya mara kwa sekunde, bila mchezaji kuhisi kuchelewa. Mkalimani mvivu hufasiri kila sentensi upya kila inaposemwa, na gemu hukokota. Mkalimani hodari hufasiri kipande kizima mara moja, hukiweka akiba, na kipande hicho kikirudi hukitoa kikiwa tayari. Njia hii ya pili, ambayo wahandisi wanaiita JIT, ndiyo inayoifanya simu ya kawaida iweze kuigiza mashine nzima huku ikiendelea kupokea meseji.

PPSSPP ilifanya jingine lililowaondolea watumiaji wa pwani adha kubwa. Emuleta nyingi za PS1 na PS2 hudai faili ya BIOS, ile programu ya msingi iliyokuwa ndani ya mashine halisi, na faili hiyo ni mali ya Sony. Rydgård na wenzake waliamua kuziandika upya wao wenyewe kazi zilizokuwa zikifanywa na programu hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweka programu, anaonyesha faili ya gemu ilipo, anacheza. Hakuna kutafuta BIOS kwenye tovuti za kutia shaka, hakuna mipangilio ya saa nzima. Kwa kijana anayejifunza kwa kuonyeshwa na rafiki yake barazani, hatua moja ikipungua ni watu wengi zaidi wanaofika mwisho.

Halafu kuna umbo. PSP ilizaliwa kuwa kitu cha mkononi. Kioo chake kilikuwa cha nukta 480 kwa 272, mstatili mrefu unaokaribiana na simu iliyolazwa, hivyo picha inajaa vizuri. Gemu za PS1 na nyingi za PS2 zilichorwa kwa ajili ya TV za zamani zilizokaribia kuwa mraba, na kwenye simu huacha mistari mipana myeusi kushoto na kulia (ingawa, kusema haki, hapo ni mahali pazuri pa kuegesha vidole). Vitufe navyo vina habari yake. PSP ilikuwa na kijiti kimoja cha kuelekeza na vitufe viwili vya begani. Padi ya PS2 ina vijiti viwili na vitufe vinne vya begani, na binadamu anayeshika simu amebakiwa na gumba mbili tu. Ndiyo maana hata kwenye simu yenye nguvu, gemu ya PS2 bila padi ya Bluetooth mara nyingi huishia kuwa mazoezi ya viungo.

La mwisho katika hili ni mtandao usiohitaji bando. PSP iliweza kuunganishwa na PSP nyingine iliyo karibu ili watu wacheze pamoja, na PPSSPP imeiga uwezo huo. Simu moja inafungua hotspot, nyingine inaingia, na mechi inaanza bila MB hata moja kuliwa. Si gemu zote zinazotii. Nyingine hupishana, huyu anaona goli na yule anaona mpira umetoka. Zinapotii, benchi la kijiweni linakuwa banda la PS lisilo na mwenye banda.

Na mpira ndio unaotawala. Toleo la mwisho la PES ambalo Konami ililitoa kwa PSP lilikuwa PES 2014, na FIFA kwa upande wake ilikoma na FIFA 14. Kila faili inayozunguka mtaani kwa jina la "PES 2024 PPSSPP" au "FIFA 25 PPSSPP" ni gemu ya zamani iliyovishwa nguo mpya. Mafundi wa kujitolea, hasa wa Indonesia na Brazil, hubadilisha jezi, majina ya wachezaji, viwanja, nyimbo na sauti za watangazaji. Kundi la Indonesia lililojulikana kwa jina la Jogress liliacha alama ambayo marekebisho mengi ya baadaye yalijengwa juu yake. Ufundi wenyewe si siri kubwa. Picha mpya huwekwa kwenye folda ya TEXTURES, orodha za wachezaji kwenye SAVEDATA, na PPSSPP huzibandika juu ya zile za kale wakati gemu inakwenda. Kwa njia hiyo hiyo jezi ya Simba au ya Yanga inaweza kuvishwa timu ambayo Konami haikuwahi kuiwaza.

Lakini mwili wa mchezo ni wa 2013. Jinsi mchezaji anavyogeuka, mpira unavyodunda na kipa anavyokosea, vyote ni vya enzi hizo. Mchezaji wa zamani wa Winning Eleven, jina jingine la PES, hulipenda jambo hili kimyakimya, kwa sababu mbinu alizozijua bandani bado zinafunga.

PS2 ni ukuta. Hapa pana kitendawili kinachowachanganya wengi: prosesa kuu ya PS2 ilikwenda kwa takribani 295 MHz, pungufu ya kasi ya juu ya PSP. Iweje basi simu inayopeperusha God of War ya PSP igande kwenye God of War ya PS2? Kwa sababu PS2, iliyotoka mwaka 2000, haikutegemea prosesa moja. Pembeni yake ilikuwa na vikokotoo viwili vya hesabu za picha, vyenye lugha yao tofauti na ya prosesa hiyo, na chipu ya kuchora iliyokuwa na kumbukumbu ndogo ya MB 4 tu lakini iliyoweza kupitisha data kwa GB 48 kwa sekunde. RAM ya simu nyingi za bei nafuu haifikii hata nusu ya kasi hiyo. Emuleta inapaswa kuwaigiza wote hawa kwa wakati mmoja na kuhakikisha hakuna anayemtangulia mwenzake.

Mwaka 2021, mwezi Desemba, mtengenezaji aliyejiita Tahlreth alitoa AetherSX2, na PS2 ikachezeka kwenye Android kwa namna ya kueleweka. Alipendekeza simu yenye nguvu za chipu ya Snapdragon 845 au zaidi, yenye core kubwa nne, yaani vitengo vinne vyenye nguvu ndani ya prosesa. Linganisha na kilichomo mifukoni. Helio G85, chipu iliyojaa kwenye simu za kati tangu 2020, ina core nane kama maboksi yanavyotangaza, ila kubwa ni mbili tu. Sita zilizobaki ni dhaifu, za kubana chaji. Unisoc T606 nayo ni hivyo hivyo, mbili kubwa na sita ndogo, tena hizo kubwa zinakwenda kwa 1.6 GHz. Unisoc SC9863A ina nane zote ndogo. Emuleta haiwezi kuugawa ukalimani kwa watu nane wazito. Inahitaji wachache wenye mbio. Kwa hiyo tangazo la "core nane" halina maana yoyote kwa mtu wa gemu, na lile la "RAM GB 8" wakati mwingine lina maana ndogo zaidi, kwa sababu nusu yake ni nafasi ya kuhifadhia faili iliyoazimwa na kuitwa RAM.

Kuna kikwazo kingine kisichoandikwa kwenye boksi. Simu nyingi za RAM GB 2 hupewa Android ya biti 32 ili kubana nafasi, hata pale chipu yenyewe inapoweza biti 64. AetherSX2 na Dolphin hazikubali kabisa kukaa kwenye simu ya namna hiyo. PPSSPP inakubali. Hiyo peke yake inaeleza mengi kuhusu kilichoenea Kerege na ambacho hakikuenea.

Joto nalo. Chipu ikipata moto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na Januari ya pwani, mchana, chini ya bati, haisaidii. Dakika kumi za kwanza gemu inateleza, baada ya hapo inaanza kukatakata, na mwenye simu anailaumu emuleta. Kuvua kava husaidia kidogo. Kucheza simu ikiwa kwenye chaji ni kuongeza kuni.

AetherSX2 yenyewe haikudumu. Januari 2023 Tahlreth alitangaza kuacha, baada ya kuchoshwa na matusi, vitisho na watu waliojifanya ni yeye. Wengine walitengeneza kiraka kinachoitwa NetherSX2 ili toleo la zamani liendelee kufanya kazi. Jambo hili linastahili uzito kuliko linavyopewa. Mamilioni ya watu, wakiwemo wa pwani hii, wanategemea kazi ya watu wachache, wengi wao wasiolipwa, na lugha inayotumika kuwadai marekebisho ni kama ya mteja aliyelipa kamili.

Faili za gemu zinafikaje? Diski ya PSP ilibeba hadi GB 1.8, ya PS2 GB 4.7 kwa kawaida. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni uamuzi tosha. Kwa hiyo mmoja hupakua usiku, kisha faili husambaa kwa Xender, kwa memori kadi, au kwenye vibanda vinavyoingiza nyimbo na muvi kwenye simu. Nyingi huja zimekandamizwa. Zinakunjuliwa kwa ZArchiver, na hapo wengi hukwama kwa sababu hawakukumbuka kwamba faili iliyokunjwa na iliyokunjuliwa zinahitaji nafasi kwa pamoja. PPSSPP husoma pia faili za CSO, zilizobanwa bila kuhitaji kukunjuliwa, na kwa simu ya GB 32 hiyo ni nafuu kubwa. Tangu Android 11 kuna hatua ya ziada: programu haiwezi tena kupekua simu nzima, lazima mtumiaji aiteulie folda mwenyewe. Wanaoipita hatua hiyo bila kusoma huishia kusema gemu zimepotea.

Uongo pia husambaa kwa njia hizo hizo. Hakuna emuleta ya PS5 kwa Android. Programu inayojiita hivyo, ikidai mtu ajibu dodoso au apakue programu nyingine mbili ili "kuthibitisha kuwa ni binadamu", inakusanya matangazo au kitu kibaya zaidi. "GTA V ya PPSSPP" yenye MB 300 nayo si GTA V; GTA zilizotoka kwa PSP na zinazofanana na zile za mashine kubwa ni Liberty City Stories na Vice City Stories, na faili hiyo huwa ni mojawapo iliyobadilishwa picha ya kufungulia, au si gemu kabisa.

Upande wa sheria, mambo mawili huchanganywa. Emuleta kama programu ina msimamo mzuri angalau Marekani: Februari 2000, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliipa ushindi Connectix dhidi ya Sony, ikisema kuichunguza PlayStation ili kutengeneza emuleta ilikuwa matumizi halali. Sony ikainunua emuleta hiyo mwaka uliofuata na kuizima. Ilipotoa PlayStation Classic mwaka 2018, ndani yake iliweka PCSX ReARMed, emuleta iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Nintendo haina ucheshi wa aina hiyo: Februari 2024 iliwashtaki watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Switch, kwa kuvunja kufuli za gemu zake, na ndani ya siku chache walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga kazi. Apple, kinyume chake, ilifungua mlango Aprili mwaka huo huo, na Mei PPSSPP ikaingia rasmi kwenye iPhone.

Gemu zenyewe ni suala jingine. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na programu za kompyuta zimo ndani ya ulinzi wake. Faili ya PES iliyorushwa kwa Xender ni nakala isiyo na ruhusa. Hakuna namna ya kulipamba hilo. Ila swali la haki halikomei hapo, kwa sababu mwenye mali hakuweka duka. Kusini mwa Sahara, mtandao wa PlayStation unafungua akaunti rasmi Afrika Kusini tu. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hizo, gemu iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170, Tanzania ikiwamo. Huduma za mwisho za ununuzi zilizokuwa ndani ya mashine yenyewe ya PSP zilizimwa Julai 2021. Kijana wa Kerege anayetaka kulipia gemu ya PSP leo hana duka rasmi la kupeleka pesa yake. Hata Marekani, utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 87 ya gemu zilizotoka kabla ya 2010 haziuzwi tena. Wizi ni wizi, lakini huu unafanyika kwenye duka lililofungwa na mwenyewe.

Kwa anayenunua simu huku akili ikiwa kwenye PS2, ushauri unaofuata hesabu hizi haupendezi wauzaji wa simu mpya. Galaxy S9 ya mwaka 2018 iliyotumika, ile ya soko la Marekani yenye Snapdragon 845, ina core kubwa nne na inaiacha mbali simu mpya ya T606. Aangalie namba ya modeli: SM-G960U ndiyo yenye Snapdragon, SM-G960F ina Exynos, ambayo kwa kazi hii haina uhakika kama huo. Na kabla ya kutoa pesa aombe kuiacha ikicheza video dukani kwa muda, kwa sababu betri ya miaka hiyo inaweza kuzima kabla mechi haijafika mapumziko.